Mwanangu ataanza tiba ya tabia mwezi ujao: nimwandae vipi?

Mama wa Mamboleo, Kisumu

Hamjambo wazazi na walimu. Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka mitano na ana usonji, yaani autism. Tulianza kwa kumpima masikio, kwa kuwa hakuwa akigeuka akiitwa, na masikio yakapatikana kuwa mazima. Ndipo daktari wa watoto akamchunguza na kuthibitisha usonji, na baadaye kituo cha tathmini ya elimu, yaani EARC, kikapendekeza apate usaidizi wa mawasiliano na wa tabia sambamba na masomo ya PP1, yaani darasa la kwanza la chekechea. Sasa tumepata nafasi ya tiba ya tabia katika kituo cha watu binafsi hapa mjini, asubuhi tatu kwa juma, kwa muda wa saa mbili kila mara.

Maneno yake ni machache. Mara nyingi hurudia matangazo ya redio neno kwa neno, pamoja na sauti ya mtangazaji. Anapenda maji yanayotiririka na magurudumu ya tuktuk. Huweza kulala kifudifudi akiyatazama mpaka dereva aogope kuondoka. Hapendi kuguswa kichwani, na kelele za stendi ya matatu humlemea kiasi cha kuziba masikio na kujitupa chini, jambo ambalo huwafanya wapita njia wanieleze kwamba kinachokosekana ni kiboko.

Kituo kimenipa fomu ya kujaza na tarehe ya kuanza, basi. Ningependa kujua kama nianze kumzoesha kuketi mezani nyumbani ili asiwasumbue, nimweleze vipi mtoto asiyeelewa maelezo marefu, na kama ni sawa mimi kubaki ndani ya chumba wakati wa tiba. Aidha, nimesikia kwamba vitu anavyovipenda mtoto hufichwa ili afanye kazi ya kuvipata. Je, ni kweli, na ni haki?

Mwalimu wa elimu maalumu, Nakuru

Mama, hongera kwa kufika hapo, maana najua foleni zilivyo. Nitaanza na swali la meza, na jibu langu ni hapana. Usimzoeshe kuketi. Kumfundisha kuketi, iwapo kweli kunahitajika, ni kazi ya mtaalamu, naye ataifanya hatua kwa hatua. Ukianza wewe kwa kumkalisha kila jioni kabla hata hajamwona mtaalamu, atafika kituoni akiwa tayari ameichukia meza, na nyumbani kwake kutakuwa kumegeuka darasa. Mtoto huyu anahitaji mahali pamoja ambapo hadaiwi kitu.

Mambo yasiyotazamiwa humchosha mtoto wa aina hii kuliko kazi yenyewe, kwa hivyo maandalizi ya maana ni kuyapunguza. Omba ruhusa uende kituoni peke yako na simu yako upige picha za lango, mlango wa chumba, mtaalamu atakayemshughulikia akiwa amevaa anavyovaa siku za kazi, choo, mahali pa kunawia mikono, na kitu kimoja cha kuchezea kilichomo. Kisha piga picha ya tuktuk mnayorudi nayo nyumbani. Wazazi wengi huisahau hiyo ya mwisho, nami naiona kuwa ya lazima kuliko zote, kwa sababu mtoto asiyeona mwisho wa jambo hudhani halina mwisho. Zichapishe, zifunikwe plastiki katika duka lolote la kudurufu karatasi, uzipange kutoka kushoto kwenda kulia kwenye kipande cha kadibodi, na kila hatua inapokwisha mtoto mwenyewe aibandue picha yake na kuitia mfukoni au katika bahasha. Anayependa kutazama vitu vikizunguka aghalabu hupenda pia kuona mpango ukienda mbele.

Picha hizo mwonyeshe kuanzia kama juma moja kabla, wala si leo. Ukimwanzishia mwezi mzima mapema, kuna watoto ambao hushikilia jambo hilo na kulingoja kila asubuhi, na kila asubuhi huwa ni huzuni mpya. Unapozionyesha tumia maneno machache na yawe yale yale kila siku: “Kwanza mwalimu, halafu tuktuk, halafu nyumbani.” Usimwambie “usiogope”, kwa kuwa yeye bado hajaambiwa kwamba kuna la kuogopwa. Na tafadhali usimdanganye kwamba mnakwenda kwa nyanya yake kisha mkaibukia kituoni. Wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema, na baadaye mtoto hukataa hata kwenda kwa nyanya.

Kabla ya siku ya kuanza, omba ziara moja isiyo na kazi yoyote, saa ambayo kituo kimetulia. Asiulizwe rangi, asiambiwe asalimie, asishikwe mkono. Wakiwa na mfereji au beseni, waache maji yatiririke na mtaalamu akae karibu akimimina naye bila kusema sana. Ondokeni angali anafurahi, hata kama mmekaa dakika chache tu, ili kumbukumbu atakayoibeba iwe ni ya kutamani kurudi.

Kuhusu njia, ninyi wa Kisumu mna bahati ya tuktuk. Mkodishe moja inayowachukua mlangoni na kupita barabara isiyogusa stendi, na iwe njia ile ile kila siku ya tiba. Kama atavumilia hedifoni za kuziba kelele, azoee kuzivaa nyumbani kwanza, akisikiliza matangazo yake anayoyapenda, ndipo zije barabarani.

Mtaalamu wa tabia, Kisumu

Naungana na mwalimu katika karibu yote. Mimi hufanya kazi hii, kwa hivyo niseme kinachotusaidia sisi tulio upande wa pili wa mlango.

Fomu uliyopewa pengine inauliza tarehe ya kuzaliwa, dawa na nambari ya simu. Andika kurasa mbili za ziada hata kama hukuombwa. Mtaalamu akijua kwamba mtoto hapendi kuguswa kichwani, hatampapasa kichwa kumpongeza. Akijua kwamba anaposema maneno fulani ya tangazo la soda huwa ana kiu, atakuwa amepata njia ya kuanza mazungumzo naye tangu siku ya kwanza. Marudio hayo ya matangazo mara nyingi yana maana, ila maana yake imefungwa katika tukio ambalo mtoto aliyasikia kwa mara ya kwanza, na mzazi ndiye mwenye ufunguo. Eleza pia jinsi anavyoomba choo, anavyoonyesha maumivu, anachokula na asichokula kabisa, na dalili za mwanzo kwamba anaelekea kulemewa, kwa maana wewe huziona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa siku chache zijazo chukua daftari, na kila kinapotokea kisa kigumu andika mambo matatu: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Usiandike “alikasirika”, andika “alijitupa chini na kulia mpaka tulipotoka dukani”. Katika tiba hii tunaamini kwamba tabia ina kazi inayoifanyia mwenyewe: kupata kitu, kukwepa kitu, kuvuta mtu karibu, au kuupa mwili hisia unayoihitaji. Watoto wawili wanaweza kujitupa chini kwa namna moja, mmoja akikimbia kelele na mwingine akitaka mandazi, na ukiwapa dawa moja utamwumiza mmoja wao.

Kabla ya yote hayo, mpeleke hospitali aangaliwe tena mambo ya kawaida ya mwili. Kufunga choo, meno yaliyooza na usingizi mbovu huonekana kama ukaidi kwa mtoto asiyeweza kusema “naumwa”. Kifafa nacho huwapata watoto wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine, kwa hivyo ukiona anaduwaa ghafla au viungo vinashtuka, mpige video na umwonyeshe daktari. Haifai kuanza kubadilisha tabia ambayo mzizi wake uko katika jino.

Sasa suala la kuficha vitu. Msingi wa tiba yenyewe ni kwamba tendo linalofuatwa na jambo zuri hurudiwa. Mtoto akinyoosha kadi ya picha ya maji, au akitamka “ma”, naye akapata maji papo hapo, kesho atanyoosha tena. Si kosa kukiweka kitu kimoja, tuseme chupa yenye maji ya rangi, kiwe cha kituoni pekee ili kiwe na mvuto. Lakini kumnyima mtoto kifungua kinywa ili biskuti iwe na nguvu ni ukatili, na kumwondolea nyumbani kila anachokipenda ni jambo ambalo mimi ningelikataa nikiwa mzazi. Chakula, maji ya kunywa, choo, mapumziko na kukumbatiwa si mishahara.

Kuhusu kubaki chumbani, siku za mwanzo baki. Kisha kiti chako kisogee karibu na mlango, halafu nje ya mlango, kadiri anavyomzoea mtu wake. Kuna watoto ambao mama akiwepo hawashughuliki na mtu mwingine, na si vibaya kulikubali hilo.

Tahadhari moja ya mwisho. Tabia iliyokuwa ikimletea mtoto matokeo fulani ikiacha kuyaleta, wakati mwingine huongezeka kwanza kabla ya kupungua. Alizoea kulia kidogo akapewa simu. Sasa huenda akalia sana. Muulize mtaalamu mapema mtafanya nini siku hizo, kwa sababu nyumba ikilegea katikati ya kilio kikubwa, mtoto hujifunza kwamba kinachotakiwa ni kilio kikubwa.

Baba wa Kakamega

Nimesoma maoni ya mtaalamu kwa makini na mengi ni ya busara, ila sikubaliani naye juu ya kubaki chumbani. Mtoto asiyeweza kusimulia yaliyompata hapaswi kuwa nyuma ya mlango uliofungwa na mtu mzima mmoja ambaye mzazi hamjui. Kama kituo hakina dirisha la kutazamia, au kamera ambayo mzazi anaruhusiwa kuitazama, basi mlango ubaki wazi. Sisemi hivi kwa kuwashuku watu wote. Mwanangu aliwahi kupelekwa mahali ambapo wazazi walikuwa wakingojea langoni, na tulipouliza anafanya nini humo ndani tulijibiwa kwamba “anaendelea vizuri”. Tulimwondoa, tukapata pengine ambapo tulikaribishwa ndani, na tofauti ilionekana hata kwenye usingizi wake.

Ni vyema mama ajue historia ya tiba hii, kwa kuwa itamsaidia kuuliza maswali bila haya. Mwanasaikolojia aliyeieneza kwa watoto wenye usonji, Ivar Lovaas wa chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles, katika miaka ya 1960 aliwaadhibu watoto kwa makofi na hata kwa mishtuko ya umeme. Utafiti wake wa mwaka 1987, ambao ndio uliowafanya wengi waamini kwamba mtoto anahitaji saa 40 za tiba kwa juma, ulikuwa na watoto 19 katika kundi lililopata tiba hiyo nzito, na hawakugawanywa kwenye makundi kwa kura. Tisa kati yao waliripotiwa kufikia kiwango cha kawaida cha akili na masomo. Nambari hiyo ingali ikitumiwa kuwauzia wazazi matumaini, ilhali adhabu zilizokuwa sehemu ya mpango ule hazitajwi kamwe. Saa sita kwa juma za mwana wako, mama, zikiwa nzuri, si kidogo. Usikope fedha za kuongeza saa kabla hujaona matunda ya hizo.

Uliza basi: malengo ya miezi mitatu ya kwanza ni yapi, na nani aliyapanga? Mtoto akikataa jambo, mnafanya nini? Je, mnamshika kwa nguvu? Nani anayemshughulikia kila siku, naye anasimamiwa na nani aliyesomea nini? Ukiambiwa kwamba lengo la kwanza ni kumtazama mtu machoni, au kuacha kupunga mikono, nakushauri uulize ni kwa faida ya nani. Kama kupunga mikono hakumwumizi yeye wala mwenziwe, kuna haja gani ya kulipia kukomeshwa kwake?

Kijana wa Bungoma

Mimi ni mtu mzima mwenye usonji, nasoma chuo. Nitasema kwa kifupi kwa sababu baba wa Kakamega amenigusia.

Kumtazama mtu machoni kwangu kunafanana na kutazama taa ya gari usiku. Naweza kufanya, lakini wakati ninapofanya sisikii unachosema. Mtu akitaka nimsikilize, aniache nitazame meza. Kupunga mikono hunisaidia kukaa mahali ambapo ningelazimika kukimbia.

Kwa hivyo mama, kabla mwanao hajafundishwa jambo lolote, ombeni afundishwe kusema “basi”. Kama hana neno, awe na kadi. Kadi ya “basi” au “pumzika”, yenye rangi moja isiyobadilika, iliyo karibu na mkono wake muda wote, na akiinyoosha, kazi isimame kweli, hata akiinyoosha mara nyingi mpaka mwalimu achoke. Mtoto ambaye “hapana” yake inasikika hatahitaji kujitupa chini ili isikike. Mfundisheni hata nyumbani. Mpake mafuta, na ukifika masikioni usite kidogo, usubiri anyooshe kadi, kisha uache kweli.

Mtaalamu wa tabia, Kisumu

Kwa baba wa Kakamega: historia uliyoieleza ni ya kweli, na wenzangu wanaoificha wanaikosea taaluma. Ila si haki kupima kila anayefanya kazi hii leo kwa mizani ya miaka ya 1960. Ipo mitindo ambayo mtoto hafungwi mezani kabisa, bali mtaalamu huingia katika mchezo ambao mtoto mwenyewe ameuchagua na kufundishia humo. Mtindo wa Denver uliobuniwa na Sally Rogers na Geraldine Dawson kwa watoto wadogo ni mmoja wa hiyo. Ukimwona mtaalamu sakafuni akisukuma tuktuk ya mbao na mwanao, usidhani anakula pesa zako bure. Muulize tu anachokifundisha hapo, naye awe na jibu.

Kuhusu mlango, nakubali kulegeza. Mzazi awe na haki ya kuingia wakati wowote bila kubisha. Kituo kisichokubali hilo, mama usikitie sahihi.

Kadi ya “basi” naiunga mkono kwa asilimia mia. Kufundisha njia ya kuomba inayochukua nafasi ya kilio ni miongoni mwa mambo yanayotegemeka sana katika fani yetu. Wala usihofu kwamba kadi zitamfanya asizungumze. Mfumo wa kubadilishana picha uliotungwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware mwaka 1985 umetumika kwa watoto wengi, na utafiti kuhusu picha na njia nyinginezo za kusaidia mawasiliano haujaonyesha kwamba huzuia usemi. Kwa baadhi ya watoto maneno hufuata.

Mama wa Mamboleo, Kisumu

Nawashukuru nyote, na wewe kijana wa Bungoma zaidi, kwa kuwa sikuwa nimewahi kumsikia mtu akilieleza jambo la macho kutoka ndani. Nimeshaanza kuandika zile kurasa mbili na zimekuwa nne.

Limebaki jambo la mama mkwe wangu. Anatusaidia sana, na siku mbili kati ya zile tatu ni yeye atakayempeleka mtoto kituoni kwa sababu mimi huwa kazini. Yeye anaamini kwamba kuna jambo la ukoo ambalo halikutengenezwa, kwamba ni chira, yaani mkosi wa kuvunja miiko, na kwamba mtoto aombewe kwanza. Hanipingi usoni, lakini najua akiwa naye peke yake atamwambia “keti vizuri la sivyo nitamwambia yule mwalimu”. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Mwalimu wa elimu maalumu, Nakuru

Huku kwetu shosho, yaani nyanya, nao wana maelezo yao, kwa hivyo hauko peke yako. Ningekushauri usishindane naye juu ya chanzo. Maombi hayamzuii mtoto kwenda kituoni, na mabishano yenu yatamwumiza mtoto aliye katikati. Wewe mwombe msaada. Mwambie: “Mama, wewe ndiye unayemjua asubuhi zake, naomba uwe mwenye kushika kadibodi ya picha.” Mpe kazi iliyo dhahiri na mwonyeshe namna ya kuifanya mara mbili tatu mtoto akiwepo. Kisha aje kwenye ile ziara isiyo na kazi, akae, aone mjukuu wake akicheza maji na mgeni bila kulia. Nyanya wengi niliowaona walibadilika kwa kuona, si kwa kuelezwa.

Hilo la kumtisha mtoto kwa jina la mwalimu usilipuuze, ila liseme kwa njia ya ombi. Mtaalamu akigeuzwa askari nyumbani, kazi yake yote ya kujenga urafiki inabomolewa kabla hajafungua mlango.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wenye umri wa miaka 2 hadi 9 walio na ucheleweshi au ulemavu wa ukuaji, nayo yamejaribiwa hapa Kenya. Yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na hufundisha jinsi ya kutumia mchezo na shughuli za kila siku kukuza mawasiliano. Yaliandaliwa ili yaweze kuongozwa hata na watu wasio madaktari bingwa. Uliza hospitali ya kaunti au EARC yenu kama kuna kikundi kinachoyafuata, na kikiwapo, muende pamoja na mama mkwe. Akisikia mambo haya kutoka kwa kina mama wa rika lake, yatamwingia kuliko yakitoka kwa mke wa mwanawe.

Ukiwa katika ofisi hizo, fuatilia pia usajili wa mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ikiwa bado. Ni shughuli ya karatasi na subira, lakini kadi hiyo hufungua milango ya misaada ambayo bila kadi hutaulizwa hata jina.

Baba wa Kakamega

Naongeza lile la mtoto asiyeweza kusimulia. Kabla hajaanza, andika jinsi alivyo sasa: analala saa ngapi, anakula nini, anajisaidia vipi, anafurahia nini. Baada ya majuma kadhaa linganisha. Uchovu kidogo mwanzoni ni wa kawaida. Lakini akianza kulowesha kitanda ilhali alikuwa ameacha, akikataa chakula alichokuwa akikipenda, akishtuka ukiinua mkono, au akijificha anapoiona picha ya mtu mmoja fulani, simamisha tiba kwanza, maswali yafuate. Mwogeshe mwenyewe siku za tiba ukiweza, utazame mwili. Katiba yetu katika kifungu cha 53 inamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma na adhabu za kinyama, na nambari ya kuripoti mambo ya watoto ni 116, ambayo haitozi malipo. Naomba usiwahi kuihitaji.

Na huyo mama mkwe, mwambie mzee mmoja wa Kakamega amesema kukhu, yaani nyanya, wa mwanangu leo ndiye hupanga picha, na akikosea mpangilio mjukuu humrekebisha.

Mama wa Mamboleo, Kisumu

Nimecheka, na nitamfikishia. Swali langu la mwisho: siku ya kwanza akigoma langoni je? Akijitupa chini pale pale, nimbebe niingie naye au nirudi nyumbani?

Mtaalamu wa tabia, Kisumu

Usimbebe, na usikimbilie kurudi nyumbani pia. Chuchumaa kando yake, upande wa kivuli kama jua limekolea, na nyamaza. Usimshawishi na usimwahidi vitu vipya. Mpigie mtaalamu simu atoke nje na ile chupa ya maji ya rangi, akae hatua chache kutoka kwenu akiitikisa, bila kumwita. Atakapotulia mwonyeshe picha mbili tu, ya chumba na ya tuktuk. Akiingia hatua tatu kisha akanyoosha kadi ya “basi”, hiyo ndiyo tiba ya siku hiyo. Mshukuruni, mpande tuktuk, na mtaalamu aandike katika faili kwamba mtoto aliomba kuondoka na akasikilizwa. Zungumza na kituo leo wakubali kwamba siku ya namna hiyo itahesabiwa kuwa siku iliyofanyika, na uulize kama utatozwa malipo kamili, kwa sababu hilo nalo huzua ugomvi usio wa lazima.